Mwalimu Aliyebisha Hodi kwenye Magogo

Nilikutana na Mwalimu kwa sababu ya adabu niliyofundishwa na mama yangu, adabu ambayo wakati huo nilikuwa nimeamua kuiacha.

Nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya kichaka kwenye msitu mdogo wa Doonside, magharibi mwa Sydney, kando ya kijito, nikihesabu vyura. Ndiyo kazi yangu. Kabla watu hawajajenga ghala au nyumba, lazima mtu aende kwanza aangalie nani anaishi pale, na mtu huyo ni mimi, mwenye shahada ya biolojia na magoti ya matope. Ilikuwa asubuhi ya baridi, mikaratusi inadondosha maji, na sikutegemea kusikia Kiswahili. Kisha sauti nzito ya mwanamume ikasema, polepole, "Hodi."

Mtu aliyelelewa Nakuru akisikia hodi, mdomo wake hujibu kabla ya ubongo. Nikasema, "Karibu."

Halafu kitu kizito kikaanguka kwenye nyasi.

Nilipotokeza nilimkuta mzee amevaa suti ya kahawia ya vipande vitatu na gambuti, ameketi kwenye umande, mwavuli mapajani, mkono kifuani. Hakuniangalia. Aliliangalia gogo lililokuwa mbele yake.

"Ni weye umejibu?" aliuliza.

"Ni mimi, Mzee. Samahani."

"Si yeye?"

"Yeye nani?"

Alinipima kwanza kama ninastahili kuambiwa. "Salamanda."

Nikamweleza, kwa upole ambao nadhani nilikuwa nao, kwamba salamanda ni ndugu wa chura mwenye umbo la mjusi, ngozi laini yenye majimaji, hana magamba. Kwamba anaishi Ulaya, Amerika na sehemu za Asia. Na kwamba katika misitu yote ya Australia hakuna hata mmoja.

"Nani alisema?"

"Sayansi, Mzee."

"Sayansi ilishaangalia chini ya gogo hili?"

Nikaliangalia gogo, mimi na shahada yangu.

"Bon, vizuri," akasema, akininyooshea mkono nimwinue. "Basi tuangalie."

Tuliangalia. Palikuwa na mende watatu na konokono mmoja aliyelala.

Kuhusu kuzaliwa kwake sikuuliza. Baadaye nilijua tu kwamba alifundisha biolojia mashariki mwa Kongo kwa miaka mingi, kwa Kifaransa, na kwamba katika kanisa la Wakongo la Doonside kila mtu, hata mchungaji, humwita Mwalimu, na akipita karibu yao watu wazima huficha simu zao. Mama yangu, ambaye ni nesi, alinipeleka kanisa hilo kwa sababu la Wakenya lilikuwa mbali. Mimi nilikwenda kwa ajili ya sombe, yale majani ya muhogo wanayopika baada ya ibada. Nilikuwa nimeshawauliza wachungaji watatu maswali yaliyowafanya waniombee, kwa hiyo huyu wa nne niliamua kumwacha ahubiri kwa amani na mimi nile.

Mwalimu alinipa jina la Kenya, kana kwamba nimekuja kuwakilisha nchi nzima. Nikiuliza swali lolote, jibu lake la kwanza lilikuwa moja: "Kaa chini." Alilisema hata tukiwa porini, nimesimama kwenye matope, hakuna kiti maili nzima. Niliambiwa na waliosoma kwake kwamba darasani ndivyo alivyokuwa. Ukiinua kidole ukauliza kitu kisichokuwa kitabuni, alisema kaa chini, na ulikaa chini mpaka ukamaliza shule.

Hodi yake ilikuwa na kanuni. Alibisha gogo mara tatu kwa mpini wa mwavuli, akisubiri kati ya moja na nyingine, kichwa amekiinamisha kama mgeni aliyefika bila taarifa. Kisha aliutia mpini kwa upande wa mbali na kulivuta gogo kuelekea kwake, ili kama kuna nyoka apate njia ya kwenda zake. Hilo la nyoka ni sahihi kabisa, na sikujua alilipata wapi. La hodi nilimpinga. Nilimwambia kwamba kwa desturi ninayoijua, ukibisha mara tatu usijibiwe, unaondoka. Kwa hiyo kisheria hana ruhusa ya kuinua gogo hata moja.

Tulitembea mpaka stesheni. Akapanda treni yake akaenda. Jumapili iliyofuata, katikati ya maombi, aliniinamia sikioni.

"Nyumba ya mtu asiyejua Kiswahili," alisema, "kimya ni karibu."

"Amina," akasema mama yangu, akidhani ni sehemu ya maombi.

Katika mfuko wa koti, mahali ambapo wazee wengine huweka miwani, yeye aliweka chaki. Gogo likishakaguliwa na kurudishwa kama lilivyokuwa, kwa uangalifu wa mtu anayefunika sufuria ya wali, alilichorea alama ndogo ya vema. Mvua ikinyesha, alama zote zilifutika, naye alianza upya tangu gogo la kwanza. Nikamwambia kwamba alama ikifutika haina maana kwamba ukaguzi umefutika.

"Mvua imenyesha," alisema. "Inawezekana amehamia jana."

Renja, yaani mlinzi wa msitu ule, mwanamke mpole mwenye kofia kubwa, alitusimamisha siku moja akauliza kama sisi ndio wenye zile alama. Kumbe kwa miezi alikuwa akizikwepa, akiamini ni utafiti wa chuo kikuu. Alitaka kujua mbinu tunayotumia. Mwalimu akamwonyesha: mwavuli, hodi, hodi, hodi. Renja aliandika neno hilo kwenye daftari lake na kuniomba nimtajie herufi. Kisha akasema, kwa adabu, kwamba magogo yakifunuliwafunuliwa wakazi wake hukauka na kufa, na je, tungeweza kupunguza? Nilitegemea mabishano. Mwalimu alivua kofia. Tangu siku ile alikagua magogo matano tu kila Jumamosi, na la sita alilipita akiliamkia kwa mbali, "Habari za hapo," bila kusimama.

Siyo kwamba alianza ustaafuni. Alipofika Sydney walimpa kazi Wetherill Park, katika ghala moja, kupanga katoni juu ya paleti za mbao. Wenzake wa wakati huo bado wanasimulia. Kila paleti iliyoingia kutoka nje ya nchi aliiinua upande mmoja akachungulia chini yake. Msimamizi alimuuliza kama ameangusha kitu. Mwalimu akamwambia hapana, anatazama tu, kwa kuwa paleti ni gogo lililosoma. Aliyetafsiri alitafsiri vibaya, na kwa wiki nzima msimamizi aliamini Mwalimu ndiye mtu pekee ghalani anayejali usalama. Wakampa fulana ya rangi ya chungwa na cheo. Hakuelewa ni kwa nini, na mshahara ulibaki uleule.

Nilijaribu kumshinda kwa ushahidi. Nilichapisha ramani ya dunia inayoonyesha mahali salamanda wanapoishi, Ulaya kijani, Australia nyeupe. Aliitazama kwa kioo cha kukuzia kwa muda mrefu.

"Huyu aliyepaka rangi," alisema, "alifika Doonside?"

"Sidhani."

"Alors, basi hii nyeupe si kwamba hakuna. Ni kwamba hakubisha."

Nilirudi nyumbani nimeudhika. Nyumbani kwetu mwenye shaka ni mimi. Mimi ndiye ninayemuuliza mama amejuaje kwamba maji ya baridi yanaleta mafua, mimi ndiye ninayesoma pakiti kabla ya kula. Nilikuwa sijawahi kukutana na mtu anayeshuku kunizidi, tena akielekea upande mbaya. Maana mambo mengine yote Mwalimu aliyaamini bila kuuliza. Aliamini kitunguu kibichi ndani ya soksi kinaponya mafua. Treni ikichelewa na sauti ya stesheni ikaomba radhi, aliinua uso kwenye spika na kusema, "Mumesamehewa," na alimaanisha. Ni kwa salamanda tu alidai ushahidi, na ushahidi wenyewe alioudai ni wa kutokuwepo kwake.

Lakini kituko chake kikubwa kilikuwa vyura. Aliwaogopa. Mtu aliyetafuta kwa miaka mnyama laini, wa baridi, mwenye ngozi ya majimaji, hakuweza kukaa chumba kimoja na mnyama laini, wa baridi, mwenye ngozi ya majimaji. Siku moja chura mdogo wa mti aliruka kutoka kwenye gome akatua kwenye ukosi wa koti lake, pale watu wanapochomeka ua la harusi. Mwalimu alisimama wima kama anaimbiwa wimbo wa taifa.

"Kenya," alisema bila kusogeza midomo. "Mutoe huyu. Bila kumukosea heshima."

"Mwalimu, chura na salamanda ni ndugu."

"Najua. Nilifundisha. Mutoe."

Nilimtoa. Nikamuuliza atafanyaje siku akimkuta salamanda mwenyewe, kama ndugu yake mdogo tu anamfanyia hivi.

"Kaa chini," alisema, na aliyekaa ni yeye.

Sababu ya yote haya niliipata Cabramatta, mbele ya bakuli la supu ya tambi.

Kule Cabramatta, mtaa wa Wavietnamu wa Sydney, kuna duka la samaki wa mapambo, na nilikuwa nimegundua kwamba wanauza salamanda. Si yule wa vitabu vya Mwalimu. Huyu wanamwita aksolotli, ni wa rangi ya waridi, ana mashavu yenye manyoya kama kilemba, haondoki majini maisha yake yote. Ila ni salamanda halali kisayansi, na nilitaka jambo hili liishe. Nilimpeleka Jumamosi. Tulipita vibanda vya mboga na maduka ya vitambaa, nikamsimamisha mbele ya tangi.

"Huyo," nikasema. "Salamanda."

Mwalimu alivua kofia. Aliinama mpaka pua ikakaribia kioo. Yule mnyama naye alimwangalia, akitabasamu lile tabasamu lao, ambalo si tabasamu bali ni mdomo tu. Walikaa hivyo muda mrefu kiasi kwamba mwenye duka aliniletea kiti.

"Alizaliwa wapi?" Mwalimu aliuliza hatimaye.

"Kwenye tangi, nadhani."

Akaivaa kofia. "Basi hahesabiki. Mimi nilisema wa chini ya gogo."

"Ulimwambia nani?"

Alinijibu tulipoingia mgahawani na supu ikaja, ila aliijibu supu, si mimi.

Kitabu walichokuwa wakifundishia kilitoka Ubelgiji, na ukurasa wa amfibia ulikuwa na picha ya salamanda mweusi mwenye madoa ya njano. Alimchora ubaoni kila mwaka, kwa chaki nyeupe na ya njano. Siku moja msichana mmoja wa mstari wa mbele aliinua kidole akauliza, "Mwalimu, weye mwenyewe ulishamwona?" Alitakiwa kusema kaa chini. Sijui kwa nini siku ile hakusema, na yeye pia hakujua. Alisema, "Ndiyo." Wakanyamaza wote, kwa mara ya kwanza tangu awafundishe, na kimya kile kilikuwa kitamu, akaendelea. Akasema alikuwa akitembea msituni, akaona gogo, akabisha hodi kwa kuwa ni nyumba ya mtu, akaliinua, naye salamanda alikuwa pale, mweusi, madoa ya njano, wakaangaliana, akamwomba radhi kwa usumbufu, akarudisha gogo.

"Nilisema uongo kama dakika tano," aliiambia supu. "Miaka yote hii ninaufanyia kazi."

"Na msichana?"

"Si unamujua. Ni Mama Neema."

Nikaacha kijiko. Mama Neema ndiye anayewafundisha watoto wa Jumapili pale kanisani. Ni mwanamke mkubwa, mchangamfu, siku za kazi anahudumia wazee, na kila mwaka anapofika kwenye somo la uumbaji huwasimulia watoto habari ya Mwalimu na salamanda. Nimeisikia mara tatu. Mara ya kwanza mnyama alikuwa na urefu wa kidole. Mwaka uliofuata alikuwa kama mkono. Mwaka jana aliinamisha kichwa akamsalimia Mwalimu, na chozi likamtoka. Mwalimu hukaa benchi la pili wakati huo wote, akitazama viatu vyake.

"Mwambie tu ukweli," nilisema. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mitano na niliamini ukweli ni kitu cha kutoa tu, kama takataka.

"Yeye alibaki shuleni kwa sababu ya lile gogo," alisema. "Baba yake alitaka aache. Akamwambia baba: Mwalimu ameona, kwa hiyo vitabu si vya uongo, kwa hiyo nitasoma. Kila mwaka ananikumbusha hiyo. Ananishukuru, Kenya. Kwa kunishika mikono yote miwili." Akainua tambi, ikateleza ikarudi. "Nikimukuta mmoja, hata mmoja tu, chini ya gogo moja, nitakuwa sikudanganya. Nitakuwa nilitangulia."

Nilitaka kumwambia kwamba wakati haufanyi kazi hivyo. Nikala tambi zangu.

Miezi ikapita. Macho yake yakaanza kuingia ukungu, mtoto wa jicho kwenye yote mawili, na zamu ya upasuaji ilikuwa mbali. Alama zake za vema zikawa zinaangukia hewani, kando ya gogo. Wakati huohuo Mama Neema akasimama kanisani na kutangaza kwamba somo la uumbaji la mwaka huu litafanyikia nje. Watoto wataenda msitu wa Doonside Jumamosi, na Mwalimu mwenyewe atawaonyesha jinsi alivyomkuta salamanda.

"Mwalimu iko tayari," alisema akimpungia. "Na yule dada wa Kenya atatusaidia na mambo ya nyoka."

Mwalimu aliangalia viatu.

Asubuhi ile nilimkuta amefika kabla yangu. Suti imepigwa pasi, gambuti zimepakwa rangi ya viatu. Watoto walikuwa kumi na wanne, wote wakielewa Kiswahili na wote wakijibu kwa Kiingereza. Mama Neema alibeba kapu la sambusa na chupa ya chai. Nilimvuta Mwalimu kando.

"Hatutakuta kitu. Watachoka, watakula sambusa, watasahau."

"Yeye hatasahau," alisema.

Gogo la kwanza: mende. La pili: mchwa, na mtoto mmoja aliyelia. La tatu halikuwa na mtu. Watoto walikuwa wamependa hodi kuliko kitu kingine, wakibisha hata miti iliyosimama, hata pipa la takataka. Tukafika la nne, gogo la zamani lenye kuvu upande wa chini. Mwalimu alibisha mara tatu, akasubiri, akavuta.

Na kitu kikajipinda.

Kilikuwa chembamba, cheusi, kinang'aa kama kimelowa, na kilipojigeuza tumbo lake lilimeta njano. Watoto walipiga yowe kwa pamoja wakauliza kama ndiye, kama ndiye yeye, salamanda. Mama Neema alishika kifua. Kapu likainama na sambusa mbili zikaanguka.

Mwalimu alipiga magoti. Suti, matope, vyote. Nilimwona akijaribu kuona, akisogeza kichwa kushoto na kulia kutafuta upenyo kwenye ule ukungu, na uso wake ulikuwa uso ambao sijauona kwa mtu mzima mwingine yeyote.

"Kenya," alinong'ona. "Njano?"

"Njano, Mwalimu."

"Ngozi. Niambie ngozi."

Nilikuwa nimeshamtambua. Ni mjusi wa vidole vitatu, anaishi chini ya magogo Sydney yote, hata bustani za watu, miguu yake midogo kama iliyochorwa na mtu aliyechoka. Wote wanangoja. Ningesema laini, na lingekwisha hapohapo: Mama Neema angepata salamanda wake, Mwalimu angekuwa alitangulia, na hakuna pale ambaye angeweza kunipinga. Mimi, ninayemsahihisha mama yangu hata akikosea jina la mmea, nilitamani kusema uongo mpaka ulimi ukauma.

"Magamba," nilisema.

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Nilingoja aniulize nani alisema. Hakuuliza. Aliitikia kwa kichwa mara moja, akarudisha gogo polepole, taratibu kama kawaida yake, akasimama kwa msaada wa mwavuli, na kuwageukia watoto.

"Huyu ni mjusi," alisema. "Mujusi muzuri sana. Salamanda si huyu. Na ile habari munayoambiwa kila mwaka, kwamba mimi nilimwona salamanda chini ya gogo, si kweli. Mimi sijamwona. Nilidanganya darasa."

Kisha Mama Neema akacheka, kicheko kipana cha upendo.

"Munaona, watoto? Ndiyo unyenyekevu huo. Mtu mkubwa hajisifu. Mupigie Mwalimu makofi."

Wakampigia makofi. Wakapewa sambusa, wakaenda kukaa kwenye nyasi za jua, na Mwalimu akabaki pale na chaki mkononi, kama mtu aliyelipa nauli kondakta akaikataa.

"Ukweli haukuingia," aliniambia.

"Umeusema vizuri, Mwalimu."

"Nimeusema. Haukuingia." Akalitafuta gogo kwa vidole, akalichorea vema. Kwa bahati alama iliangukia gogo lenyewe.

Hapo ndipo nilipoona Mama Neema anarudi peke yake. Alikuwa na sambusa mbili kwenye kitambaa na alitembea polepole, na kile kicheko alikuwa amekiacha kule kwa watoto. Alisimama mbele yetu. Alinitazama mimi kwanza, labda akitaka nimtolee uamuzi kwa kuwa nimesoma. Niliangalia viatu vyangu. Nimejua sasa kwamba vinasaidia kidogo sana.

Akanipa zile sambusa, akabaki na kitambaa. Akajinyoosha, akafunga kifungo cha sweta, mama wa watoto wanne, na akainua kidole hewani.

Mwalimu hakuweza kukiona vizuri. Lakini aliona kitu kimeinuka, na miaka thelathini ya kazi ikamfanya anyooshe mgongo.

"Ndiyo, weye."

"Mwalimu," alisema Mama Neema, kwa sauti ndogo kuliko mwili wake, "weye mwenyewe ulishamwona?"

Alifunga vifungo vyote vitatu vya koti.

"Hapana," alisema. "Sijamwona. Nimemutafuta na bado sijamwona."

Mama Neema alibaki na kidole juu kidogo, kisha akakishusha. Macho yalimjaa, na nikadhani sasa ndiyo jengo linaanguka, mimi na ukweli wangu tumelivunja.

"Na mimi nilimwambia baba," alisema.

"Najua."

"Nilimupigia kelele baba yangu, Mwalimu. Kwa sababu ya salamanda."

"Najua. Kwenye kitabu yupo, Mama. Hiyo si uongo, kuna nchi wanamuona. Uongo ni mimi tu."

Alifikiri. Alipangusa uso kwa kitambaa kilichokuwa na sambusa, na kikamwachia mafuta shavuni. "Na lile chozi?" aliuliza. "La salamanda?"

"Lile si langu," alisema Mwalimu. "Lile uliongeza mwenyewe."

Mabega ya Mama Neema yakaanza kutikisika, na ilinichukua muda kujua kwamba anacheka, na muda zaidi kujua kwamba Mwalimu naye anacheka, bila sauti, akiwa ameegemea mwavuli.

"Swali lilikuwa zuri," alimwambia alipopata pumzi. "Ningekuambia siku ile. Swali zuri sana. Kaa chini."

Mama Neema akatafuta pa kukaa, akajishusha kwa uzito wake wote juu ya gogo lenye vema.

"Si hapo," alisema Mwalimu. "Hapo pana mwenyewe."